Deki ya Kusomea Jiwe

Jumatatu, 28 Agosti 2023. Osaka.

Miaka hamsini na saba, miezi miwili na siku kumi na tisa tangu nitoke Jeju, kisiwa chetu kule Korea. Nimehesabu kwa kalenda ya jikoni, nikarudia kwa vidole. Jibu ni lilelile.

Aliyenitia kwenye hesabu ni dada. Alipiga simu asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Dada Ok-seon ana miaka themanini na minne na kwenye simu bado hupaza sauti kana kwamba kati yetu kuna shamba la shayiri na upepo. Akasema mwaka huu ukoo utafyeka nyasi za makaburi Jumapili ya tarehe kumi Septemba. Hunitajia siku hiyo kila mwaka, nami kila mwaka humjibu kwamba nitaangalia. Safari hii aliongeza neno. Mwakani makaburi yote ya kilimani yatafukuliwa, mifupa iwekwe mahali pamoja, maana watu wa kushika mundu wamekwisha. Mawe yatafukiwa hukohuko. Jiwe la baba pia.

"Ukitaka kuliona, mdogo wangu, ni sasa. Mwakani utaona nyasi."

Nikamwambia nitaangalia. Akasema kwa jinsi ninavyoangalia, macho yangu lazima yamechoka.

Nikaenda kuishusha kalenda ya jikoni.

Nieleze, maana daftari hili halisomwi na mtu. Baba alikufa mwaka 1974. Mimi nilikuwa Osaka bila karatasi za maana, niliingia kwa mashua ya magendo chini ya magunia, na mtu wa namna yangu hakwenda kuzika mzazi akarudi salama. Nilituma hela ya jiwe. Kwetu majina ya watoto wa kiume huchongwa ubavuni mwa jiwe la baba yao. Sisi tulikuwa wawili: mimi, Sang-hun, na mdogo wangu Sang-cheol, sasa marehemu. Lakini miaka ile kuwa na ndugu Osaka, mji uliosemwa umejaa majasusi wa Kaskazini, kulitosha kuwaleta askari mlangoni, na familia nyingi ziliruka jina la mtoto wa hivyo. Langu sijui kama liliwekwa. Mwanzoni kuuliza kulikuwa hatari. Baadaye, nilipopata karatasi, kulikuwa kumechelewa. Sasa ni aibu.

Jumanne, 29 Agosti.

Nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Nimepata ufumbuzi.

Mwezi wa sita Seong-u, mtoto wa marehemu mdogo wangu, alinitumia diski. Televisheni ya kisiwani ilitengeneza kipindi kuhusu ufyekaji wa makaburi, na ukoo wetu umo. Dakika ya thelathini na moja, kamera inapita ubavuni mwa jiwe la baba. Sekunde mbili. Nimezitazama mara arobaini hivi. Nikisimamisha picha, maandishi yanageuka uji. Siwezi hata kusema kama ni safu moja ya herufi au mbili.

Leo nimeinyanyua deki yetu ya kuchezea diski, nikaipima kwa mkono. Nyepesi kama sahani ya plastiki. Mke wangu Jeong-ja aliinunua supamaketi siku aliyokwenda kununua mayai. Mtu anatarajia kumsoma baba yake kwa kitu kilichokuja na mayai? Kosa si la diski. Kosa si la macho yangu, ambayo yalifanyiwa operesheni mwaka juzi. Inatakiwa deki ya maana.

Jeong-ja akashauri nimwombe Seong-u apige picha kwa simu, dakika moja imekwisha. Nikamjibu kuna mambo mtu hawezi kumuuliza mtoto wa mdogo wake. Akauliza mambo gani. Nikaenda kumwagilia maua.

Miaka yote nimeogopa kwamba halipo. Leo, katikati ya kumwagilia, nimegundua naogopa vilevile kwamba lipo. Nikamwaga maji mengi mno. Jirani wa pembeni amelalamika.

Alhamisi, 31 Agosti.

Nimekwenda kwa Daktari Nishiwaki kutafuta ushauri, yaani kutafuta wa kukubaliana nami. Sikumpata.

Daktari ni mstaafu wa meno, nyumba ya nne kutoka kwetu, na ni mpinzani wangu. Mimi nina projekta na ukuta wa sinema wa inchi themanini ghorofani. Yeye ana inchi mia na ishirini ndani ya chumba chake cha zamani cha eksirei. Kuta zina madini ya risasi, hakuingii hata uzi wa mwanga. Hajawahi kulitaja jambo hilo bila kulitaja mara mbili.

Nikamuuliza kama deki ya bei kubwa ina faida. Akasema haina.

"Bwana Ko, diski ina kilichomo. Deki haiwezi kuotesha meno kwenye fizi tupu."

Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe anayo. Akasema alidanganywa yeye ili wengine tusidanganywe, halafu akabonyeza kitufe anionyeshe jinsi sinia la diski linavyotoka, taratibu, kama binti aliyelelewa vizuri. Nilimwona usoni. Hajutii hata kidogo.

Kisha akaniwekea mtihani. Deki yake kubwa upande mmoja. Upande wa pili deki ya mkewe ya jikoni, anayofanyia mazoezi ya kiuno. Yeye nyuma ya pazia akizibadilisha, mimi nimeketi nitaje ipi ni ipi. Raundi tano. Mara nne niliisifu ya jikoni kwa weusi wa picha yake wenye kina. Daktari alicheka mpaka mkewe akaja kuuliza nani anaumwa.

Naandika hapa kwa haki: sikuwa nimelala vizuri. Tena kiti chake cha sinema ni kile alichong'olea watu meno miaka thelathini. Nani anatazama picha kwa utulivu akiwa ameegemea kiti hicho? Mtihani ni batili.

Jumamosi, 2 Septemba.

Nimenunua.

Mtaa wa Nipponbashi, duka la ghorofa ya pili, muuzaji anaitwa Bwana Sakaguchi, mtu wa makamo mwenye mikono misafi. Hakuniambia ni nzuri. Aliniambia niinyanyue. Niliinyanyua na goti likalia.

"Kilo kumi na nne," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja uzito wa mjukuu. "Kitu kizito hakitetemeki, mzee wangu. Kisichotetemeka hakikosei."

Nikamuuliza kama itaweza kusoma maandishi kwenye jiwe. Akavuta pumzi kwa meno. Hapa mjini pumzi hiyo maana yake ni hapana, kila mtu anajua, na mimi nimeisikia miaka hamsini na saba. Akasema kila diski ina kiwango chake, ila kwa deki hii kilichomo hutoka chote. Nikamwambia hicho ndicho nitakacho.

Duka lina punguzo kwa anayerudisha deki kuukuu. Ya mayai nilikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo, nimejiandaa. Nikaikabidhi bila huzuni. Nyumbani, mahali pake, nimeweka bati la biskuti na kulifunika kitambaa chake kilekile. Jeong-ja hatagundua. Tamthilia zake hutazama kwenye simu.

Hela zimetoka katika bahasha tunayowekea akiba ya safari. Mwaka huu haina kazi nyingine.

Jumatano, 6 Septemba.

Balaa.

Mpango ulikuwa hivi. Mzigo uletwe leo kati ya saa nane na saa kumi, muda ambao Jeong-ja huwa bafu la mtaa na wenzake. Saa saba na nusu nikasimama kona ya barabara nimkamate mleta mizigo kabla hajabisha hodi na kutangaza kwa majirani. Joto la kuungua. Kofia, chupa ya chai, mhuri wangu wa kupokelea mzigo mkononi. Saa nane, hola. Saa nane na nusu, hola. Saa tisa nikaanza kuwaza ajali.

Alikuwa amepita kichochoro cha nyuma saa nane na dakika moja. Wale watu hawachelewi; ndilo tatizo lao. Hakukuta mtu, akabandika karatasi mlangoni: mashine nyeti, kilo kumi na nne, mpokeaji hayupo. Jeong-ja, ambaye leo alikuta bafu limefungwa kwa matengenezo, akaisoma, akapiga simu, mtu akarudi baada ya dakika kumi, yeye akagonga mhuri wake.

Nilimkuta amekalia boksi katikati ya sebule, anakula pea.

"Baba Yeong-mi," akasema. "Nimekalia nini?"

Yeong-mi ni binti yetu, yuko Nagoya na hana hatia. Nikajibu ni kifaa cha afya ya macho. Akatafuna. Akauliza kama kinakwenda na bati la biskuti au kinajitegemea. Kumbe alilijua tangu Jumamosi, na biskuti alikuwa amezimaliza.

Sikupigiwa kelele. Ningependa kupigiwa kelele. Aliondoka juu ya boksi, akafungua pochi na kuweka mezani karatasi mbili. Tiketi. Kansai kwenda Jeju, Jumamosi asubuhi, kurudi Jumatatu. Jina lake na jina langu.

"Umenunua chako, nimenunua changu. Baba yako, mkwe wangu. Mimi sijawahi hata kumwinamia."

Nikasema nitaangalia.

Alhamisi, 7 Septemba.

Deki ilipanda ngazi juu ya taulo, kidato kimoja kwa pumzi tatu. Mgongo umekwisha. Lakini ilipokaa rafuni, nyeusi, kimya, nilijisikia kama mtu aliyeleta wakili nyumbani.

Nikavuta mapazia. Nikanawa mikono. Nikaweka diski. Sinia likaingia kwa heshima zote.

Ukutani, herufi nyeupe, safi, kali, sijawahi kuona maandishi makali vile: Diski hii haiwezi kuchezwa katika eneo hili.

Nikaitoa, nikaifuta kwa fulana, nikairudisha. Maneno yaleyale, ukali uleule.

Nikampigia Bwana Sakaguchi. Aliomba radhi kwa muda mrefu kabla ya kujua kosa. Kisha akauliza kwa upole kama diski ni ya Korea. Nikamjibu ni ya nyumbani. Akasema samahani sana, mzee wangu. Walioigawa dunia kwa ajili ya diski waliipa Japani namba mbili na Korea namba tatu. Deki ya hadhi hufuata sheria. Zile rahisi za supamaketi ndizo haziulizi mtu anatoka wapi.

Nikauliza ya kwangu ile ya rahisi iko wapi. Akavuta pumzi kwa meno. Imepondwa tangu Jumatatu.

Nimekaa gizani nikiiwazia diski hiyo. Mpaka huuhuu niliuvuka nikiwa na miaka ishirini na moja, sina karatasi, nanuka samaki. Diski ina jalada, ina mhuri wa stesheni ya televisheni, ina risiti. Imekataliwa.

Ijumaa, 8 Septemba.

Niliona aibu kwenda kwa Daktari, nikaenda.

Deki yake kubwa nayo ikaikataa diski. Alifadhaika zaidi yangu; alikuwa hajui kwamba binti yake aliyelelewa vizuri ana ubaguzi. Tukamwomba mkewe deki ya jikoni. Akasema turudishe kabla ya saa kumi, ana kiuno chake. Ikacheza bila neno.

Dakika ya thelathini na moja. Inchi mia na ishirini. Daktari akasimamisha.

Uji ulikuwa mkubwa zaidi. Ndiyo tofauti pekee. Jiwe la baba lilinizidi kimo, na ubavuni mwake kijivu kilichokoza ndani ya kijivu kilichopauka. Daktari akavaa miwani yake ya kazi, ile yenye lensi ndefu, akasogea hadi pua ikagusa ukuta.

"Safu mbili," akasema.

Nikasema ni moja na kivuli chake.

"Mbili, Bwana Ko. Hii hapa, na hii hapa."

Nikasema kivuli. Tulibishana kama watoto, kila mmoja na kidole chake, mpaka vidole vyenyewe vikaweka vivuli na safu zikawa nne. Akazima projekta, akawasha taa. Akakaa kwenye kigoda chake cha zamani kando ya kile kiti.

"Chumba hiki nimepigia picha za meno miaka thelathini," akasema. "Zipo picha hazisemi kitu, uziangalie unavyotaka. Zikifika hapo mimi huwa nafungua mdomo wa mtu nachungulia. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu tu."

Nikamwambia mimi si jino. Akasema hapana, jino lingekuwa limeshatoka siku nyingi.

Nikarudisha deki ya jikoni mwenyewe. Mke wa Daktari akaniuliza kama nimeona nilichotaka. Nikasema picha ilikuwa safi sana.

Jumamosi, 9 Septemba.

Nimemsindikiza Jeong-ja hadi stesheni ya Tsuruhashi. Nilibeba begi lake. Nilibeba na langu pia. Nililifunga jana jioni, soksi, shati jeupe, dawa za presha. Mpaka kwenye mageti nilikuwa nakwenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mbele ya mageti nikaliweka begi langu chini. Nikakumbuka fomu ya dhamana ya deki, ambayo lazima ijazwe ndani ya siku saba. Nikamwambia. Nyuma yetu watu walikuwa wanatuzunguka kama maji yanavyozunguka kigingi.

"Nimwambie nini dada yako?"

Nikasema amwambie mgongo. Akasema mgongo alimwambia mwaka juzi. Nikasema basi macho. Akachukua begi lake mkononi mwangu, akaniambia kari iko kwenye friji, nipashe, nisile baridi. Kiti changu atawekea pochi.

Nilisimama mpaka treni ikaondoka, na nyingine baada yake. Fomu ya dhamana ina mistari minne. Nimeijaza kwa dakika mbili.

Jumapili, 10 Septemba.

Saa nne na dakika ishirini, simu. Picha ya uso wa Jeong-ja, kofia ya majani kichwani, nyuma yake ngurumo za mashine za kufyekea na wanaume wanaitana kwa lafudhi ambayo nilidhani nimeisahau. Nikaielewa yote, hata matusi.

"Baba Yeong-mi, niko hapa. Niko mbele yake. Tazama."

Nikamwambia asubiri.

Mtu mwenye akili atanielewa. Simu ni ndogo kama kiganja. Ukuta ni inchi themanini, na kiunganishi cha kutia simu kwenye projekta ninacho, nilikinunua siku ileile kwa Sakaguchi. Nikapanda ngazi mbiombio. Tundu la projekta lilikuwa limekaliwa na waya wa deki. Nikavuta. Waya umebanwa nyuma ya deki, na deki haisogei, kisichotetemeka hakitetemeki. Nikailaza simu kifudifudi nipate mikono miwili.

"Acha waya," ikasema sauti ya Jeong-ja chini ya simu. "Angalia mkononi."

Nikasema sekunde moja.

Halafu sauti nyingine, ya kupaza, yenye upepo. "Anafanya nini huyo?"

"Anaunganisha waya, wifi."

"Miaka hamsini na saba anaunganisha waya?"

Wanaume wakacheka. Mmoja wao anacheka kama baba. Sijui ni nani, hakuna aliyenitambulisha.

Waya ukatoka. Nikachomeka. Ukuta ukawaka, na naapa sijawahi kuona picha nzuri vile: nyasi zilizokatwa sasa hivi, kijani kibichi, kila jani na ncha yake, juu yake viatu vya Jeong-ja. Mkono ulikuwa umemchoka, ameshusha simu. Nikamwambia apandishe. Akasema hawezi, sadaka imeanza kupangwa, wanataka wainame, wote wanamsubiri yeye. Akasema atanisomea. Nikamwambia asinisomee. Akanisomea.

"Lipo. La kwanza. Ko Sang-hun, halafu Ko Sang-cheol. Lako limeingia ndani zaidi, kidole kinazama."

Dada akadakia kwamba fundi hakutaka, aliogopa, na mama alikaa juu ya ndoo mbele ya jiwe tangu asubuhi mpaka fundi alipomaliza herufi ya mwisho.

"Kasikia?" dada akauliza.

"Kasikia," Jeong-ja akamjibu. Simu ikakatika.

Nilikaa sakafuni. Sijui muda gani. Kari nimeila baridi.

Sasa ni jioni na nimelipima jambo hili kwa utulivu. Jeong-ja hakuwa amevaa miwani. Niliona mwenyewe, kofia tu. Jua lilikuwa nyuma ya jiwe. Kidole si jicho. Dada ana miaka themanini na minne na anataka niende, atasema lolote. Yote haya ni maneno ya kusikia, na mimi nimesoma vitabu vya kutosha kujua thamani ya maneno ya kusikia.

Nimempigia Bwana Sakaguchi. Duka lilikuwa linafungwa lakini akapokea. Anayo projekta, imetumika kidogo, inachora mistari myembamba kuliko unywele. Uzito wake hakuutaja, nikauliza mwenyewe. Kilo ishirini na mbili. Jeong-ja anarudi kesho na simu imejaa video. Nitaziweka ukutani kwa ukubwa wake na nitalisoma jina langu mwenyewe, kwa raha, bila mtu kunisimamia.

Jeju sitarudi.